Pati ya kostyumu za kushona mwenyewe hapa Mtwara: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Korosho zikianza kuingia ghalani tu, simu yangu haipumui. Meseji zinaanza mwezi wa kumi, "dada ile pati ya mavazi lini", "dada mi sijui kushona", "dada naweza kuvaa shuka?" Maswali ni yaleyale toka tuanze, na mi nimechoka kurekodi voisi za dakika nne nne, kwa hiyo leo nimekaa nikaandika yote. Ukiniuliza swali ambalo limo humu nakutumia huku huku, usinune.

Hivi hii pati ni kitu gani hasa?

Ni dansi. Watu wanakutana ukumbini usiku, kuna muziki, kuna pilau, kuna soda na vingine, tofauti ni kwamba kila mtu amevaa kama mtu mwingine au kitu kingine. Sheria yetu ni moja tu, kostyumu uwe umeitengeneza kwa mikono yako, au angalau kipande chake kinachoonekana. Hatuna kadi za dhahabu wala zulia jekundu, ni marafiki wa Shangani, Ligula, Magomeni na wachache wa Mikindani, tunachangishana ukumbi, basi.

Sijui kushona kabisa. Nije tu?

Njoo. Kwanza neno "kushona" linawatisha watu bure, nusu ya kostyumu nzuri nilizowahi kuona zilikuwa na boksi la friji, gundi na pini za usalama. Mi mwenyewe cheti sina, nilikuwa nakaa barazani kwa ba'mdogo namtilia uzi kwenye sindano maana macho yake yalishachoka, hapo ndo nilipoibia ufundi. Ukijua kurudisha kifungo kwenye shati unajua kushona, ni suala la kurudia mara mia mbili.

Cha kujifunza ni kitu kimoja tu, mshono wa kurudi nyuma: unatoboa mbele, unarudi nusu ya hatua, unatoboa tena mbele. Huo haufumuki ukicheza. Ule wa kupita juu chini juu chini ni wa kupigia bandi tu, kushikiza kitambaa kabla ya mshono wenyewe. Kuna kaka alikuja na suruali ya bandi tupu, sitasema zaidi.

Nianze lini?

Wiki sita kabla. Najua utaanza wiki moja kabla, lakini mi nimeshasema.

Wazo sina. Niwe nani?

Kila mtu anakimbilia malkia, mfalme, malaika na yule jamaa wa kwenye muvi mwenye suti ya buibui. Sawa, hamna mtu atakukataza. Ila sisi watu wa kusini tumekalia hazina halafu tunaenda kuazima mbali. Angalia hizi tatu.

Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru kule Lindi, yaani dinosaria wa kale. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wazee wetu vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo yule mjusi amesimama makumbusho ya Berlin, kwenda juu ni meta 13 na ushee. Unaweza kuwa mjusi. Au, na hili bado nasubiri mtu alifanye, unaweza kuwa mpagazi: kaniki, mzigo wa mfupa wa boksi kichwani, kata ya majani chini yake. Hiyo kostyumu ni ya bei ya soda na ukumbi mzima utakuuliza habari zake.

Silikanti. Yule samaki wa zamani ambaye wataalamu walidhani alishatoweka duniani, mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa wakamtoa baharini upande wa Songo Mnara. Ana rangi ya bluu iliyokolea na mabaka meupe, na mapezi yake manene kama miguu. Magamba unakata kwenye mitumba ya jinzi, moja moja, ukubwa wa kiganja, unaanza kushona kutoka mkiani kwenda juu ili la juu lilalie la chini kama makuti. Usianze juu. Nilianza juu, nikafumua yote.

Msafiri wa Kilwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani kutoka Moroko, alipita Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani aliyesifika kwa ukarimu. Kanzu unayo nyumbani, au ya babu ipo. Kilemba ni meta tatu nne za kitambaa chepesi. Unachotengeneza kwa mkono ni mkanda, mkoba wa ngozi ya bandia na kitabu. Ni ya mtu mvivu mwenye akili.

"Jaribio la bajaji" ni nini? Kila mtu analitaja.

Mwaka ule nilikuwa mjusi wa Tendaguru mimi. Shingo niliitengeneza kwa fito za mianzi nikazungusha sponji ya godoro kuukuu, juu nikavalisha kitenge cha kijani nilichokipaka madoa, kwenda juu karibu meta moja na nusu kutoka begani. Nyumbani ilikuwa inapendeza mpaka majirani walikuja kupiga picha. Saa moja jioni bajaji ikaja. Dereva akaiangalia ile shingo, akaniangalia mimi, akaiangalia bajaji yake, akasema, "Dada, na huyu analipa?"

Tukajaribu kuingiza kichwa kwanza, kikagota. Tukajaribu mimi niingie kinyumenyume, mkia ukabaki nje. Mwisho nikakaa upande, shingo imetoka nje kama twiga aliyepanda basi, dereva anaendesha polepole, watoto wa Magomeni wanakimbia nyuma wanapiga makelele. Hatujafika mbali fito ikavunjika katikati. Niliingia ukumbini na shingo imelala begani kama kuku aliyeshachinjwa, watu wakadhani ndivyo nilivyokusudia, wakapiga makofi. Moyoni nalia.

Toka siku hiyo kostyumu yoyote naipima hivi: unaweza kuingia nayo kwenye bajaji? Unaweza kukaa kwenye kiti cha plastiki? Unaweza kwenda chooni peke yako bila kuita mtu, tena choo cha kuchuchumaa? Unaweza kula wali kwa mkono wako? Ukikwama kwenye moja, rudi mezani. Kama ni lazima iwe kubwa, igawe vipande viunganishwe ukifika, tumia zipu, vifungo vya kubana au kamba. Hilo la choo msilichukulie utani. Ovaroli la kipande kimoja lenye zipu mgongoni ni adui wa binadamu.

Kitambaa gani kinafaa kwa joto letu?

Pamba. Kanga, kitenge cha pamba, amerikani, kaniki, shuka za mitumba. Satini na velveti zinang'aa kwenye picha, lakini Desemba hapa mjini jasho linakutoka ukiwa umesimama tu, sasa ucheze saa tatu umevaa velveti yenye bitana, utazimia. Ukitaka mng'ao weka satini sehemu ndogo, kola, mkanda, ukingo wa mkono.

Fua kitambaa kabla ya kukata, maana pamba mpya inasinyaa, na kitenge cha bei rahisi kinatoa rangi. Jirani yangu alivaa kitenge chekundu bila kukifua juu ya fulana nyeupe, alipotoa jasho akawa kama katoka machinjioni, na yeye alikuja kama nesi.

Sketi kubwa ya duara ya kimalkia inahitaji kitambaa kiasi gani?

Hili nalipenda. Doti moja ya kanga inatosha, kama ukiikata vizuri.

Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Itandaze sakafuni, jina liwe upande wa miguuni kwako. Tafuta katikati ya ule ukingo mrefu wa juu, weka alama. Hapo ndo kitovu chako. Funga chaki kwenye kamba, shikilia kamba kwenye kitovu, chora nusu duara kubwa ya sentimita 75. Halafu chora nyingine ndogo ya kiuno. Kiuno chako gawa kwa 6.28, kwa mfano kiuno cha 80 kinatoa kama 12.7, wewe chora 12, kupanua shimo ni rahisi kuliko kulipunguza. Kata. Fanya hivyo hivyo kwenye kanga ya pili. Unganisha zile pande zilizonyooka, kulia na kushoto, kimoja kati ya hivyo viungo ukiachie nafasi ya zipu. Tayari una duara zima linaloruka ukizunguka, refu kama sentimita 60, linafika magotini na kushuka kidogo.

Sasa uzuri wake: chini kwenye kila kanga kimebaki kipande cha sentimita 35, na humo ndo kuna pindo na lile jina. Hicho usitupe. Kikunje kiwe mkanda, maneno yaonekane kiunoni. Kwa hiyo chagua kanga kwa maneno yake na si kwa maua peke yake, maana watu watasoma. Nilivaa mkanda wenye maneno ya kumsuta mtu bila kufikiria, na dada mmoja akadhani namsuta yeye, mpaka leo salamu zetu ni za mbali.

Magunia ya korosho je? Yapo mengi bure.

Gunia la juti ni zuri sana kwa mavazi ya kale, askari, mkulima, mti, mnyama. Linasimama lenyewe, linashika rangi. Lifue mara mbili, lianike siku nzima, halafu weka kitu cha pamba ndani, fulana kuukuu hata, maana linawasha shingoni na kwapani usipime. Ukingo ukunje na ushone haraka, gunia likianza kufumuka halina breki.

Ila maganda ya korosho usiguse. Kila mwaka kuna mtu anataka kushonelea korosho mbichi zenye maganda kama vifungo au shanga, wageni hasa. Mafuta ya lile ganda yanababua ngozi, waulize kina mama wanaobangua watakuonyesha mikono. Chukua mbegu za ukwaju, vifuu, kauri za dukani, vitu kama hivyo.

Barakoa naitengenezaje?

Kwa magazeti na uji wa muhogo. Pulizia puto mpaka likaribie ukubwa wa kichwa chako, lipake mafuta ya mgando nusu ya mbele. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uwe unateleza kama gundi, acha upoe. Chana magazeti vipande vyembamba, usikate kwa mkasi, ukingo uliochanika unalala vizuri. Chovya, kung'uta, bandika. Tabaka la kwanza, juani. La pili, juani. Fika tabaka tano au sita, na usiweke la juu wakati la chini bado bichi, litaoza ndani. Kiangazi siku tatu umemaliza. Mvua zikianza utakaa wiki na litanuka.

Na tia chumvi kwenye uji, vijiko viwili vitatu, isishike ukungu. Na panya jihadhari nao. Nilimaliza barakoa ya kunguru, mdomo mrefu mzuri, nikaiweka juu ya kabati, asubuhi nakuta panya wamekula mdomo wote na sehemu ya shavu. Na huwezi kuwalaumu, kwao ule ni muhogo.

Matundu ya macho yawe makubwa kuliko unavyodhani. Pua iachie nafasi. Mdomoni, fikiria chakula. Venisi kule Italia, walikovaa barakoa kwa karne nyingi, walikuwa na moja inaitwa bauta, sehemu ya chini imesukumwa mbele kama mdomo wa jagi, haigusi kidevu, mtu anakula na kunywa na kuongea humo ndani bila kuivua, hata sauti inabadilika. Iga hiyo. Ya kufunika uso mzima kwa kubana utaivua dakika ya ishirini na kuibeba mkononi usiku kucha kama kofia ya pikipiki.

Bei isikusumbue. Mwaka 1966 Truman Capote, mwandishi wa Marekani, alifanya dansi maarufu la nyeusi na nyeupe pale hoteli ya Plaza, New York, matajiri wakaja na barakoa za mafundi wakubwa, yeye mwenyewe mwenye shughuli alivaa ya duka la watoto, senti 39.

Naweza kuvaa kinyago kama cha midimu? Si utamaduni wetu?

Hili linaulizwa sana na vijana wetu wa Kimakonde wenyewe, tena kwa nia nzuri, na jibu langu ni hapana, ila ntaeleza.

Midimu, ile ngoma ya vinyago ya Kimakonde, inatoka pale watoto wanapotoka jandoni na unyagoni. Yule aliye ndani amefunikwa mwili mzima, hutakiwi kumjua, na hata ukimjua kwa miguu yake husemi. Haikuwa burudani ya kukodi. Siku moja nilikwenda Newala kwa bibi, nikamkuta anamenya muhogo. Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza taratibu, "Bibi, nikichonga kinyago kama kile cha midimu, nikakivaa kwenye dansi mjini, kuna ubaya?" Akaendelea kumenya. Akamaliza mmoja, akachukua mwingine. Ndo akaniuliza, "Na wewe ulishamjua aliyekuwa ndani?"

"Hapana bibi."

"Haya."

Akanipa kisu nimsaidie kumenya. Sikuuliza tena.

Kwa hiyo chukua rangi, chukua mdundo, chukua mikao ya sindimba ukiijua, mistari ya michongo weka kwenye kitambaa, lakini sura ile iache ilipo. Vile vya mpingo vinavyouzwa kwa watalii ni vya kutundika ukutani, na hata ukitaka ubishi hutaweza, mpingo ni mzito mpaka unazama majini, shingo yako itakushtaki. Vya kuchezea huwa vinachongwa kwa mti mwepesi.

Nembo za usoni na ndonya, kile kipini cha mdomo wa juu, je? Kama bibi yako anazo, nenda kamuombe yeye. Kama ni kuchekesha watu, baki nyumbani.

Kuna vitu haviruhusiwi?

Sare za jeshi, au kitu chochote chenye madoadoa yanayofanana nazo. Sio sisi, ni sheria. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zao, na bado kila mwaka kuna mtu anakuja na suruali ya mitumba anasema "hii ya Marekani". Hatutaki polisi ukumbini. Ukitaka kuwa askari kuwa wa zamani, mwenye ngao na mkuki wa boksi.

Ngozi ya chui, kucha za simba, meno ya tembo, hata kama ni ya marehemu babu. Bila kibali hizo ni nyara za serikali, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haina utani. Gamba la kasa pia acha. Chui tunamchora kwenye shuka ya njano kwa sponji na rangi nyeusi, anapendeza kuliko wa kweli.

Panga halisi hapana. Hata kama wewe ni mkulima wa korosho na umetoka nalo shambani moja kwa moja.

Mbona mnakataza mishumaa na watu wenye nyuzi zinazoning'inia?

Kwa sababu umeme unaweza kukatika, na ukikatika mtu atawasha mshumaa, na pale kuna mtu amevaa neti. Neti na poliesta zikishika moto zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Pamba inaungua haraka nayo, ila haigandi.

Sio kwamba naota. Paris, tarehe 28 Januari 1393, mfalme Charles VI na wenzake watano waliingia kwenye dansi wamevaa kama watu wa porini, nguo za kitani zilizopakwa utomvu halafu zikabandikwa nyuzi nyuzi kama manyoya. Ndugu wa mfalme akasogeza mwenge aone ni kina nani. Walikufa wanne. Mfalme alipona kwa sababu mke wa ba'mdogo wake, binti mdogo tu, alimfunika kwa sketi yake, na mwingine alipona kwa kurukia pipa la maji.

Sasa mwaka juzi rafiki yangu kaja amefumua gunia zima, nyuzi zinamning'inia toka kichwani mpaka miguuni, anasema yeye ni mtu wa porini, na ana sigara mkononi. Nilimtoa nje mwenyewe. Akanuna, akaja kunywa soda yangu. Taa tunatumia za betri, na jenereta inakaa nje mbali.

Kwa nini mlangoni nifunue uso? Si inaua raha?

Sekunde tatu tu, halafu unafunika. Mtu aliyefunika uso ni raha mpaka pale asiyealikwa anapofunika wake. Mfalme Gustav III wa Uswidi alipigwa risasi kwenye dansi la barakoa Stockholm, Machi 1792, na aliyempiga na wenzake walikuwa wamefunika nyuso. Yeye naye alikuwa amefunika, ila nishani iliyong'aa kifuani ikamtaja. Sisi shida zetu ni ndogo, simu kupotea na mtu kula sahani tatu, lakini kufunua ni pale pale.

Mi mwanaume, nikionekana nashona sitachekwa?

Na nani? Pita barazani popote hapa mjini uhesabu waliokaa kwenye cherehani. Wanaume watupu. Ba'mdogo alikuwa anashona gauni za harusi na mpira anacheza. Swali linalofuata.

Navaa hijabu. Kuna kostyumu zinanifaa?

Nyingi, na kwa kweli dada zetu wa hijabu ndo wamekuwa wakifunika wote miaka miwili mfululizo. Hijabu unaifanya iwe sehemu ya kostyumu badala ya kuificha: kichwa cha silikanti, mawingu, ua, kilemba cha msafiri, jua lenye miale ya ukindu uliosukwa. Miale isuke kwenye utepe wa pembeni, ufunge juu ya hijabu, usitoboe kitambaa chenyewe. Chini vaa pamba nyepesi. Na chumba cha wanawake cha kujirekebishia kipo siku zote, tunakipigania kuliko hata spika.

Mama anasema hayo ni mambo ya majini.

Mlete. Wa kwangu alisema hivyo hivyo, akaja kuona, akakaa pembeni na mama wenzie wanakosoa mishono mpaka saa nne, mwaka uliofuata akaniuliza yeye atavaa nini. Pati yenyewe haigusi Ramadhani wala mwezi wa mfungo wa watu wengine, na vinywaji vikali vina meza yake mbali.

Rangi ya usoni nitumie nini?

Wanja, lipstiki, poda, liwa, hina ya majani. Usitumie rangi za maji za shule, maka peni, wala rangi ya nyumba, ndiyo, kuna aliyetumia rangi ya nyumba. Piko nyeusi ya usoni kataa kabisa, ile ina kemikali ya kupakia nywele, inaweza kukuchoma mpaka malengelenge na alama zisitoke. Kitu chochote kipya jaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla.

Gundi ya moto inaachia, kwa nini?

Umeacha vazi kwenye gari juani. Ile gundi inalainika kwa joto, na ndani ya gari lililofungwa mchana wa Mtwara ni tanuri. Gundi ni ya kushikiza tu, kinachobeba uzito kishone.

Imebaki siku mbili na sina kitu.

Shuka jeupe la amerikani, kamba ya ukili kiunoni, boksi. Kuwa jahazi. Boksi mbili zilizokatwa umbo la ubavu wa jahazi, moja kulia moja kushoto, zinaning'inia mabegani kwa mikanda, shuka ni tanga, mlingoti ni ufito mfupi mgongoni unaochomoka. Chomoka, unasikia? Bajaji.

Naweza kukodi au kupeleka kwa fundi?

Kukodi hapana. Fundi anaweza kukukatia na kukupigia overloki, hatuna ukali huo, ila uwepo mkono wako mahali na uweze kutuonyesha. Kuna kijana alidai kashona koti lote, tukamuuliza mfuko wa ndani uko wapi, akautafuta dakika nzima.

Natoka Lindi au Masasi, inakuwaje?

Lindi ni kilomita mia na kidogo, njoo mchana, usije na basi la mwisho. Wa Masasi mnajua wenyewe. Vazi lipakie kwenye gunia safi la plastiki, kaa nalo mapajani, usikubali liwekwe kwenye buti chini ya mizigo ya samaki. Barakoa jaza nguo ndani isibonyee. Beba sindano, uzi mweupe na mweusi, pini kumi na mkasi mdogo. Ukifika bila pini utaomba pini, na mwenye pini usiku ule ni mimi, na zinaishaga saa mbili.

Kuna zawadi?

Kilo mbili za korosho zilizobanguliwa kwa mshindi. Mwaka jana majaji walikula nusu kabla ya kutangaza.

Baada ya pati nalifanyaje?

Usilifungie kwenye mfuko na jasho lake, asubuhi litakuwa na madoa meusi ya ukungu. Anika kivulini usiku huohuo hata kwenye kamba ya jikoni. Sketi ya kanga unavaa siku zote. Magamba ya silikanti yangu nilifumua yakawa vishikio vya sufuria, ninavyo kumi na moja, vingine walichukua mashoga zangu. Na ile shingo ya mjusi ipo nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo.